Aliyewapitisha Wapimaji Mlimani Nyagetugo

Mmeniuliza wengi, mmoja akinikuta sokoni, mwingine kwa simu, kulikoni niliondoka Malindi nikicheka na nimerudi kimya. Nimekuwa nikijibu kwamba safari ilikuwa njema, ila baridi tu. Sasa naandika niwaeleze nyote kwa pamoja, maana kila nikijaribu kusimulia kwa mdomo nafika katikati nanyamaza.

Mnaijua kazi niliyoifanya Nairobi kabla ya kustaafu. Nilikuwa mchoraji wa ramani. Zamani, kabla ya kompyuta, tulitandika karatasi angavu juu ya ramani kuukuu za wakati wa ukoloni, tukazifuatisha kwa wino, mto kwa mto na kilima kwa kilima. Ramani moja ya nchi ya Wagusii niliichora mara nyingi. Inaonyesha rizavu, yaani ardhi waliyotengewa wenyeji, na pembeni mwa rizavu mlima uitwao Nyagetugo, wakati huo wote msitu. Wapimaji walitaka kufika kileleni wajenge nguzo ya saruji ya kupimia, na wasingeweza kujipenyeza peke yao. Kuna mtu wa pale aliyewatangulia. Njia aliyowapitisha imo ndani ya ramani, lakini jina lake halimo.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa shule iliyo chini ya mlima huo, Mwalimu Moraa, alinitafuta. Shule ilitaka kusimamisha ubao langoni, uchorwe ramani ile ya zamani, na chini yake liandikwe jina la aliyewaongoza wapimaji. Alikuwapo mzee mmoja tu aliyemjua mtu huyo, Mzee Ogeto, naye alikuwa amekataa kulizungumza jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Aliposikia kwamba yupo mama wa pwani aliyeuchora mlima wao kwa mkono wake, akasema huyo aje, atamwambia. Basi nikafunga safari.

Malindi hadi Nairobi

Hapa sina mengi. Treni ya Mombasa ilichelewa kuondoka, abiria wakanung'unika, kisha tukalala usingizi. Nairobi binti yangu alilitazama sweta langu akacheka, akanivisha koti la mume wake. Nilipinga. Baadaye nilimshukuru.

Nairobi hadi Keumbu

Tulipita Narok na Bomet vizuri. Mbele ya Sotik basi likasimama na halikusogea tena. Lori la majani chai lilikuwa limelala kiubavu na kuziba barabara nzima, magunia yamepasuka, majani mabichi yametapakaa lami kama nyasi iliyofyekwa. Dereva wa lori alikuwa mzima, ameketi kwenye ukingo wa mtaro akiitazama mali ya watu. Tukashuka wote tukasubiri.

Jirani yangu wa basi alikuwa mama mfanyabiashara wa ndizi, mwenyeji wa Keumbu. Alifungua mkoba akatoa ndizi za kuchemsha na parachichi, akanikatia nusu kwa nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Tukala tumesimama. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia nakwenda Nyaramba, chini ya mlima Nyagetugo, kwa ajili ya ramani ya zamani.

Nusu ya parachichi iliyobaki aliirudisha mkobani.

Sikuelewa. Nikaendelea kumweleza juu ya mlima na rizavu na wapimaji, na kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuitazama barabara. Mwishowe aliniuliza ni shamba la nani linalopimwa. Nikamwambia si la mtu, ni ubao wa shule. Akafikiri kidogo, akalitoa lile parachichi tena.

"Usikasirike, mama," alisema. "Kwetu sisi ramani huja mbele, na kesi inafuata nyuma."

Nilicheka, nikadhani amenipa kichekesho cha njiani. Tulifika Keumbu jua linazama. Mwalimu Moraa, ambaye ameolewa hapo, alinipokea kando ya barabara kati ya mafungu ya mboga na vikapu vya nyanya, akanivuta mkono haraka haraka. Ilikuwa Ijumaa na Sabato ilikuwa inaingia.

Sabato ya Keumbu

Kumbe nyumba ile ni ya Waadventista hasa. Tangu magharibi ya Ijumaa hadi magharibi ya Jumamosi hakukupikwa, hakukupigwa hesabu, wala hakukuzungumzwa kazi. Nilijaribu kuuliza juu ya Mzee Ogeto, Mwalimu akatabasamu akasema tutaongea kesho jioni. Mimi Mwislamu nikaona si vibaya, kila mtu na siku yake. Nilijiswalia chumbani, wao wakaenda kanisani, tukakutana kwenye chakula kilichopikwa jana yake.

Kilichonishangaza ni chai. Nyuma ya nyumba chai imepandwa hadi bondeni, mume wa Mwalimu huiuza, lakini mezani niliwekewa maziwa ya moto yenye mchaichai. Wao, kwa imani yao, chai yenyewe hawanywi. Niliitamani siku nzima, naiona dirishani.

Mwalimu alinieleza Jumamosi usiku kwamba yeye si mtu wa mlima ule. Amezaliwa upande wa Kisii mjini, akaolewa Keumbu, na huko Nyaramba amepelekwa na kazi, siku za shule hupanga chumba sokoni. Habari za ukoo wa Mzee Ogeto hazijui. Alijua tu jina lake kamili, Ogeto Nyakundi, na kwamba mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Momanyi, ni ndugu yake wa baba mmoja.

Keumbu hadi Nyaramba

Jumapili tulipanda pikapu iliyopakia mikungu ya ndizi, sisi wawili mbele na dereva. Mvua ilikuwa imenyesha, na baada ya kuiacha lami tope lilitushika magurudumu. Dereva alishusha mikungu yote kando ya njia, akalitoa gari, kisha akaipakia upya mmoja mmoja, hana hasira hata chembe. Tulipofika, simu ya Mwalimu ililia: mtoto wake wa pili ameanguka kwenye mti na ameumia mkono. Akasimama pale sokoni hajui ashike lipi. Nikamwambia arudi kwa mtoto, mimi ni mtu mzima, nitampata mzee mwenyewe. Alinielekeza, akapanda pikapu ile ile.

Angekuwapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini ni nani angemzuia mama kumwendea mtoto wake?

Mlimani

Nilimkuta Mzee Ogeto ananisubiri barabarani, amevaa kofia na koti la kanisani. Nikamwamkia shikamoo. Akajibu, "Mzuri sana," akanipa mkono. Jirani mmoja alijitolea kuja kututafsiria, lakini Mzee alikataa. Alisema mama amekuja na Kiswahili chake kutoka baharini, naye atamjibu kwa Kiswahili. Alifanya kazi mashamba ya chai ya Kericho ujana wake wote, hakuna asichoweza kukisema.

Tulipanda polepole. Msitu nilioujaza rangi ya kijani maisha yangu yote haupo. Ni mikaratusi iliyopangwa mistari, na juu yake viazi, na juu ya viazi mawe. Nguzo ya wapimaji ipo, imemeguka pembe, mtu ameanikia nguo juu yake. Mzee aliziondoa nguo zile kwa adabu, akazikunja, akaziweka majanini. Tukaketi.

Hakuanza mara moja. Alinionyesha kwanza palipokuwa na chemchemi, na palipokuwa na mti mkubwa ambao jina lake alilijua kwa Kigusii tu. Kisha akasema.

"Baba ndiye alipita mbele. Wanaume walikataa, walisema msitu iko na wenyewe. Lakini baba alikuwa anajua njia ya kuni, njia ya uyoga, njia ya maji. Wazungu wakafuata nyuma. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika nguo yake."

Nilimuuliza kama watu walimshukuru. Alitikisa kichwa. Alisema baada ya wapimaji kuondoka ulikuja mstari, mpaka wa msitu, na nyumba zote zilizokuwa juu ya mstari zikaambiwa zishuke bondeni. Watu wakatafuta wa kumlaumu. Wazungu walikuwa mbali, lakini baba alikuwa karibu.

"Baba alifukuzwa," alisema. "Amelala Magwagwa, si hapa. Hapa hakuna mtu amesema jina yake kwa uzuri hata siku moja. Mimi nataka iandikwe, mama. Watoto wasome."

Machozi yalimtoka, hakuyapangusa. Nikamwahidi kwamba litaandikwa. Sikumuuliza ni nani hasa aliyemfukuza, nilidhani ni kijiji. Jina pia sikuliuliza. Niliona kumdadisi mtu mzima jina la mzazi wake naye analia ni kukosa adabu, na isitoshe nililijua: Ogeto Nyakundi, mwana wa Nyakundi. Tuliteremka tumeshikana mikono kwenye utelezi, na nilijiona nimefanya jambo la maana kupita yote niliyofanya ofisini.

Ubao

Mwalimu alirudi kesho yake, mtoto amefungwa plasta. Nilimwandikia maneno, akayasoma, akafurahi, akampa mchoraji wa vibao wa pale sokoni. Ramani nilimchorea mwenyewe kwa kalamu. Chini yake yakaandikwa maneno haya: Njia hii wapimaji walionyeshwa na Mzee Nyakundi, baba yake Mzee Ogeto.

Siku ya kuuzindua watoto walipangwa langoni, mchungaji akaomba, Mzee Ogeto akaketishwa mbele karibu nami. Bwana Momanyi, mwenyekiti, alisimama akaufunua, akausoma kwa sauti. Nikamwona anashangaa, kisha anafurahi. Alizungumza muda mrefu juu ya baba yao, ushujaa wake, na jinsi ukoo usivyojua kumbe uliwahi kutoa mtu wa namna hiyo. Wazee wa ukoo wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee Ogeto aliinuka. Aliusogelea ubao, akautazama, akavaa kofia yake, akatoka langoni, akaondoka. Mwalimu alitaka kumfuata. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia amwache, mtu mzima hapendi kulia mbele za watoto.

Magwagwa

Nilibakiwa na haja moja. Nilitaka kulizuru kaburi la mtu yule kabla ya kurudi pwani. Mwalimu aliulizauliza, akaambiwa kwamba dada yake Mzee Ogeto, Bibi Kerubo, anaishi Magwagwa kwa wajomba zake. Nikaenda peke yangu asubuhi yake.

Nilipokewa na mke wa mwanawe, mama mchangamfu aitwaye Nyanchama, ambaye aliniketisha, akanawisha mikono yangu, akaniandalia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo wao huilaza katika maziwa hadi uchungu ulainike. Niliila yote. Bibi Kerubo alikuja akiegemea fimbo, mdogo wa kimo, macho makali. Kiswahili hakijui, kwa hiyo Nyanchama akawa mkalimani.

Niliwaeleza nilikotoka, mlima, ubao, na maneno ya Mzee Ogeto. Bibi akasikiliza, kisha akainyoosha fimbo kuelekea migombani nyuma ya nyumba, akasema maneno ambayo ndani yake nililisikia neno baba.

"Bibi anasema mama yake amelala pale," Nyanchama akasema.

Nikamwambia la, amesema baba, nimemsikia mwenyewe.

Nyanchama akacheka. "Kwetu baba ndiye mama. Huyo baba wenu, sisi tunamwita tata."

Alicheka peke yake kidogo, halafu akaniona uso. Akaniuliza kama chinsaga imenidhuru tumbo. Mimi nilikuwa ninaisikia upya sauti ya Mzee kule mlimani. Njia ya kuni, njia ya uyoga, njia ya maji. Nimeshika nguo yake. Lugha yetu haibagui mke na mume katika kitenzi. Alipita mbele, alifukuzwa, amelala. Ningeweza kumsikiliza hadi kesho nisijue.

Ikabidi niwaambie tulichokiandika. Nyanchama hakutaka kutafsiri. Bibi Kerubo alimgonga mguu kwa fimbo hadi akatafsiri, kisha bibi mwenyewe akasimulia, maneno machache machache, Nyanchama akinigeuzia kwa sauti ya chini.

Mama yao aliitwa Bosibori. Siku mstari ulipoteremsha nyumba za watu, wanaukoo walikwenda kwa mumewe, Nyakundi, wakamuuliza ni mke wa namna gani aliyemwoa. Nyakundi alitaka kuendelea kuketi nao. Akamtoa Bosibori nje na nguo alizovaa. Bibi Kerubo alikuwa mgongoni. Ogeto, kwa kuwa ni wa kiume, alizuiwa nyumbani. Baadaye Nyakundi akaoa mke mwingine, na huyo ndiye aliyemzaa Momanyi. Bosibori alipofariki, Nyakundi alikataa azikwe kwake kama mke anavyozikwa, akamkataza Ogeto kukanyaga mazishi. Ndiyo maana akalazwa hapa, kwa kaka zake, kama msichana asiyeolewa.

"Na sasa," Bibi Kerubo aliuliza kwa kinywa cha Nyanchama, "jina la nani liko juu ya njia yake?"

Nilimjibu. Alinipeleka kaburini, akasimama nyuma yangu nikiomba dua, akanirudisha nyumbani. Wakati wa kuondoka Nyanchama alinifungia mkungu mdogo wa ndizi mbivu nile njiani, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Kurudi Nyaramba

Nilimweleza Mwalimu Moraa yote. Aliketi kwenye kitanda cha chumba chake cha kupanga akajifunika uso. Yeye ndiye aliyenifundisha njiani kusema bwakire, salamu ya asubuhi, na hakuna aliyefikiri kunifundisha neno lile moja. Tulikwenda pamoja kwa Bwana Momanyi. Alitupokea vizuri, akatusikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti. Alisema ubao umeombewa na mchungaji, ukoo umeshangilia, na baba yake hatateremshwa langoni na maneno ya kikongwe wa Magwagwa. Kama kuna la ziada, hilo ni la nyumbani. Kamati ikakaa siku hiyo hiyo ikasema vivyo hivyo. Mwalimu alijaribu kuongea, akakumbushwa kwa upole kwamba yeye pale ni mgeni kama mimi.

Nilifikiri kuchukua rangi niufute ubao mwenyewe. Lakini mimi nitapanda basi, Mwalimu atabaki darasani na watoto wao.

Basi nikaenda kwa Mzee Ogeto. Alikuwa shambani anachuma chai, kikapu mgongoni. Aliponiona alikitua, akanawa mikono, akanikaribisha kivulini kando ya jiko, ambako mkewe alikuwa anamenya ndizi. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Aliniinua, akasema si vizuri mama kupiga magoti kwenye tope.

Nilimwambia nitaandika barua kwa wakubwa, nitapiga simu, jina la Bosibori litawekwa. Nilipolitamka jina hilo mkewe aliacha kumenya. Mzee aliniangalia, akalirudia taratibu, mara moja.

"Usiandike tena," akasema. "Nilikuwa na nguvu ya kusema siku moja tu. Ile siku imepita. Na Momanyi ni ndugu yangu, atanizika."

Nikamwambia basi aje nami Magwagwa, nitatafuta gari, amwone dada yake, alione na kaburi. Alisema alikatazwa, halafu akazoea kukatazwa, halafu akazeeka. Miguu ya kwenda huko ilikuwa miguu ya ujana. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mikaratusi, na mkewe akaanza kuyaingiza ndani majani ya chai yasilowe.

"Uliona kaburi?" akaniuliza.

Nikamwambia nililiona.

"Kichwa iko upande gani? Inaangalia huku?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka migomba, na kuku aliyekuwa anaparura karibu, na mawe yaliyolizunguka kaburi kwa usafi. Nilikumbuka fimbo ya Bibi Kerubo nyuma yangu. Lakini jua lilikuwa wapi, mlima uko wapi kutoka pale, sikuwa nimeangalia. Miaka yote ile nimekula mshahara kwa kuonyesha kaskazini iko upande gani, na siku ile nilikuwa nautazama udongo. Ningeweza kumwambia kwamba linaangalia Nyagetugo. Angefurahi, na hakuna ambaye angenisuta.

Nikamwambia sijui.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizia bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Kisha akamwambia mkewe kwa Kigusii anipakulie ndizi, nile kabla mvua haijafika.